Bei ya Utulivu wa Masika

Pumziko ni haja ya mwili na haki ya kazi. Mtu afanyaye kazi mwaka mzima pasipo kupumzika hufanana na jahazi lisilopandishwa pwani likatiwa kalafati: huendelea kwenda, lakini kila safari huingiza maji zaidi. Kwa hiyo hapana lawama kwa mtu atafutaye siku chache za kukaa mbali na shughuli zake, wala si ajabu akizitafuta kando ya bahari, ambako macho hupata upana na masikio hupata mwendo mmoja wa mawimbi. Lawama na sifa huanza mahali pengine. Huanza pale ambapo pumziko lina bei, na bei hiyo ina mlipaji. Swali listahililo kupimwa ni hili: mtu achaguaye kwenda kisiwani wakati wa masika, kwa sababu wakati huo malazi ni rahisi na pwani ni tulivu, je, ananunua kwa haki, au anachuma katika shida ya wenzake?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Kwa kawaida huulizwa kama swali la hesabu: siku ngapi, fedha kiasi gani, mvua kiasi gani. Walakini mambo madogo ya matumizi ya fedha ndiyo yaonyeshayo tabia ya mtu, kwa kuwa makubwa huja mara chache na mbele ya mashahidi wengi, na madogo huja kila siku bila ya shahidi. Mtu aweza kutoa sadaka hadharani mara moja kwa mwaka, akamdhulumu dobi wake kila wiki. Yafaa basi jambo hili litazamwe kwa makini, na mahali pa kulitazamia pawe pale ambapo masika yenyewe hujulikana vizuri.

Visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia vyatoa mfano ulio wazi, kwa sababu maisha ya huko yamegawanywa na pepo tangu zamani. Kaskazi huvuma toka Desemba hata Machi. Kusi huvuma toka Aprili hata Septemba au Oktoba. Na kati yao huja tangambili, wakati upepo hauna msimamo. Neno msimu lenyewe ni mtoto wa neno la Kiarabu mawsim, na neno hilohilo ndilo lililowapa watu wa Ulaya jina la pepo hizi. Zamani vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi vilishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyechelewa kuondoka alilazimika kungoja miezi. Pwani ikajifunza kuwa mgeni hufika na kukaa kwa amri ya upepo, na kwamba baina ya kufika kwake na kuondoka kwake lazima pawe na adabu ya pande mbili. Masika huanguka katika zamu hiyo ya pepo, baina ya Machi na Mei, na kwa kawaida Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko miezi mingine yote.

Siku hizi mgeni haletwi na tanga. Huletwa na ndege, na boti ziendazo kasi toka Dar es Salaam. Hata hivyo msimu haujaacha kutawala. Zanzibar, ambako idadi ya watalii ilipita 700,000 katika mwaka 2024, huona Aprili na Mei kuwa miezi ya wageni wachache. Hoteli nyingine hufunga milango, zikatengeneza mapaa na kupaka rangi kuta. Katika Mafia, ambako papa potwe huwavuta wageni toka Oktoba hata Februari au Machi, nyumba nyingi za wageni hufungwa masika yaingiapo. Zile zisizofunga hupunguza bei. Ndipo aingiapo msafiri wa masika na mkoba wake mwepesi.

Msafiri huyu ni wa namna mbili, na haifai kuwahukumu wote kwa hukumu moja. Wa kwanza ana uwezo wa kulipa bei ya Desemba, lakini huikimbia kwa kuchukia msongamano au kwa kupenda kubakiza fedha. Wa pili ni mwalimu wa shule ya Dodoma, au muuguzi wa Mwanza, ambaye kwake bei ya Desemba ni mlango uliotiwa kufuli. Asipoiona bahari katika masika, hataiona. Mtu huyu ana haki ya pumziko sawa na tajiri, na huenda ana haja nalo kuliko tajiri. Hoja yoyote ya maadili imkatazayo mwalimu huyu kuiona bahari ya nchi yake, kwa sababu tu anaiona kwa bei ndogo, ni hoja iliyopotea njia.

Wako washitaki, na maneno yao si ya kupuuzwa. Husema kuwa msafiri wa masika hufaidika kwa udhaifu wa wengine. Mwenye nyumba ya wageni hupunguza bei kwa kuogopa vyumba vitupu. Mpishi hukubali ujira pungufu kwa kuogopa kuambiwa akae nyumbani mpaka Juni. Mvuvi aliyekosa samaki kwa sababu ya upepo hukubali kupakia watalii kwa malipo yasiyolingana na hatari. Basi mnunuzi ajuaye kuwa muuzaji hana njia nyingine, kisha akamtajia bei, huyo anabana, hanunui.

Wako pia watetezi, nao husimama juu ya methali ya wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema kuwa asiyekuja hamfai mtu. Fedha ya Mei, ingawa ni kidogo, huingia katika nyumba ambayo haikutarajia kitu, na riziki ya wakati wa njaa ina uzito kuliko riziki ya wakati wa shibe. Kama kila mtu mwema angekaa kwao masika mpaka bei zipande, wema wake ungekuwa hasara kwa wale aliotaka kuwahurumia.

Pande zote mbili zimeona kitu, na kila upande umesahau kitu. Washitaki wamesahau kwamba kufaidika kwa jambo si sawa na kulisababisha. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliikumba Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu. Hapana awezaye kusema kwamba kupata faida baada ya tufani ile kulikuwa dhambi kwa kuwa jirani alipata hasara. Upepo haukuitwa na mtu. Dhambi ya mashamba yale ilikuwa katika mikono iliyochuma, kwa kuwa ilikuwa mikono ya watumwa, na utumwa haukuondolewa kwa sheria katika Zanzibar ila mwaka 1897. Habari hii yatenga mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Faida iletwayo na majira haina hatia. Hatia huingia pale ambapo mzigo wa faida hiyo hutwikwa mtu asiyeweza kukataa.

Watetezi nao wamesahau kwamba manufaa ya tendo hayafuti ubaya wa namna ya kulitenda. Mtu aliyetumbukia kisimani hushukuru kuona kamba, lakini shukrani yake haimpi mwenye kamba ruhusa ya kuiuza kwa bei ya shamba. Vivyo hivyo, kwamba mgeni wa Mei ni afadhali kuliko kutokuwa na mgeni hakumpi mgeni huyo ruhusa ya kufanya atakavyo. Afadhali ni kipimo cha chini. Uungwana hauanzi na kuuliza, "Je, wangekuwa na hali mbaya zaidi kama nisingalikuja?" Huanza na kuuliza kama yale yaliyotendwa baada ya kuja yalikuwa ya haki.

Njia ya kutoka katika ubishi huu ni kuuliza kwa nini bei imeshuka, na pengo lililobaki baina ya bei ya Desemba na bei ya Mei linalipwa na nani. Sababu ni tatu. Ya kwanza, kitu chenyewe kimepungua thamani. Jua laweza kujificha siku nne mfululizo, nguo hazikauki, barabara za udongo hugeuka tope, mto Rufiji uliojaa humwaga maji machafu baharini kuelekea upande wa Mafia, na mpiga mbizi haoni mbali. Pengo hili mgeni hulilipa mwenyewe. Asiyotoa kwa fedha ameyatoa kwa kuloana, kwa kungoja na kwa kuumwa na wadudu, kwani hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Sababu ya pili ni kwamba mwenye mali ameacha sehemu ya faida yake, akiona kuwa chumba chenye faida ndogo ni bora kuliko chumba kitupu. Pengo hili hulipwa na mwenye nyumba, na kwa hiari yake, baada ya kupiga hesabu zake. Sababu ya tatu ni kwamba wafanyakazi wamekatwa riziki: watano wamefanywa wawili, na wawili hao hufanya kazi ya watano kwa ujira uliopunguzwa. Pengo hili hulipwa na watu ambao hawakukaa katika baraza la mapatano.

Hapa ndipo kanuni yaweza kutamkwa. Urahisi wa haki ni ule ambao pengo lake hulipwa na mnunuzi mwenyewe, au na muuzaji kwa hiari yake. Urahisi wa dhuluma ni ule ambao pengo lake hulipwa na mtu wa tatu asiyeulizwa. Kwa macho bei hizi mbili hufanana. Chumba cha kwanza na chumba cha pili vyaweza kuwa na kitanda kimoja, chandarua kimoja na dirisha moja lielekealo bahari. Tofauti yao iko jikoni na kwenye lango, kwa mpishi na kwa mlinzi, na haionekani ila kwa mtu aulizaye. Basi wajibu wa kwanza wa msafiri ni kuuliza. Kuuliza kama nyumba huwaweka watu wake kazini masika yote si ufidhuli, ni sehemu ya kununua. Nyumba iwalipayo watu wake mwaka mzima na kutoza zaidi kidogo ni rahisi kweli kuliko nyumba ya jirani iliyoshusha bei kwa kuwafukuza.

Wajibu wa pili wahusu kupatana bei. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya biashara alitenga adili na ihsani. Adili ni kutodhulumu. Ihsani ni kutenda wema uliozidi lile ambalo adili hulidai. Katika ihsani alihesabu kwamba mtu anunuapo kwa maskini, si vibaya akiacha azidishiwe bei kidogo kwa kumsahilishia muuzaji. Bali akinunua kwa tajiri atafutaye kuzidisha faida, kuacha azidishiwe si jambo la kusifiwa, maana ni kupoteza mali bure. Mafundisho haya yafaa sana pwani katika masika. Msafiri hana kosa akipatana bei kwa bidii na hoteli kubwa yenye vyumba mia, kwa kuwa wenye mali hiyo wana makarani wa kuwahesabia. Lakini mtu yuleyule akimkamia mwanamke auzaye mkeka, au kijana auzaye madafu, apunguze nusu kwa sababu hakuna mteja mwingine katika ufuo wote, amegeuza upweke wa muuzaji kuwa mzani wake. Upweke huo haukuwa mali yake kuutumia.

Wajibu wa tatu ni kutimiza sehemu yake ya mapatano. Aliyenunua masika amenunua na mvua yake. Kuna wageni ambao hulipa bei ya Mei na kudai mbingu ya Januari. Mvua ikinyesha siku ya pili humfokea mhudumu, na siku ya nne hudai kurudishiwa fedha. Huyo ameivunja sababu ya kwanza iliyompa haki ya bei ndogo. Alikubali kulipa kwa kuvumilia. Akikataa kuvumilia, amekuwa mdaiwa, na deni lake hulipwa na yule mhudumu asimamaye mbele yake akitabasamu kwa amri ya tajiri wake. Dawa ya kosa hili mara nyingi ni maarifa. Mtu ajuaye kwamba kusi huipiga pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na kwamba upande wa magharibi hupata kivuli cha kisiwa, hachagui ovyo kisha akalaumu. Mtu ajuaye kwamba siku za bamvua bahari hupwa na kujaa kwa tofauti ya karibu mita nne, hashangai akiamka akaona maji yamekwenda mbali na mchanga umebaki. Ujinga wa hiari ni mzazi wa malalamiko, na malalamiko ya mgeni huangukia mabega ya mdogo kuliko wote katika nyumba.

Wajibu wa nne ni mzito kuliko yote, kwa kuwa wahusu roho za watu. Bahari ya kusi si bahari ya mchezo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo na mawimbi, na watu zaidi ya mia walikufa au kupotea. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, upande wa Mafia, katika mwezi uleule ambao malazi huwa rahisi. Mtu aliyesafiri kutafuta utulivu hukaa siku tatu chumbani akachoka; siku ya nne huenda ufuoni akamwomba nahodha wa ngalawa ampeleke kwenye fungu la mchanga. Nahodha hutazama mawingu, akakataa. Mgeni huongeza fedha. Nahodha hutazama tena, lakini safari hii hatazami mawingu, atazama karo ya mtoto na deni la dukani. Akikubali, haijulikani kama upepo umetulia au njaa imezidi. Kuongeza fedha katika hali hiyo ni kununua hofu ya mtu mwingine, na hapana bei ya haki kwa bidhaa hiyo. Muungwana aambiwapo na baharia kwamba leo hapaendeki hulishika neno hilo kama hukumu, na akiwa na fedha ya ziada humpa siku hiyo kwa kusimuliwa habari za pepo na miamba. Kwa njia hiyo nahodha hupata riziki, na chombo hubaki pwani.

Imebaki kusemwa juu ya utulivu wenyewe, ambao ndio bidhaa iliyotafutwa. Watu huchanganya ukimya na utulivu. Ukimya ni kukosekana kwa sauti. Waweza kupatikana katika nyumba iliyohamwa. Utulivu ni hali ya kitu kilichokaa mahali pake. Soko laweza kuwa na utulivu, na jangwa laweza kukosa. Mtu aendaye kisiwani akitaka pwani tupu ataudhika na adhana ya alfajiri, na jogoo, na watoto watokao chuoni, na atajiona amepunjwa. Lakini ufuo wa mashariki wa Unguja si mtupu, hata katika mwezi wa mvua nyingi. Maji yapwapo wakati wa bamvua, wanawake hushuka kwenye vigingi na kamba za mwani, kilimo kilichoanzishwa huko mnamo mwaka 1989 na kilichowapa wengi wao fedha yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Masika huwatesa, kwa kuwa mwani uliovunwa hukawia kukauka na ukinyeshewa hupungua thamani. Mvua ileile impayo msafiri chumba rahisi humwondolea mwanamke huyo sehemu ya mavuno yake. Wote wawili wako chini ya wingu moja, mmoja likimpa na mwingine likimnyang'anya.

Habari hii haimlazimu msafiri kuona haya kwa kuwa kavu barazani. Huzuni isiyo na tendo ni anasa nyingine tu. Humlazimu kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kutoutazama ufuo ule kama mali iliyoachwa na wenyewe. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Utulivu wa kijiji cha pwani umeundwa na watu walioelewana juu ya njia, visima, zamu za maji na heshima ya mgeni. Haukuletwa na kuondoka kwa watalii wa Desemba. Wao waliufunika kwa miezi michache, na masika yameufunua. Msafiri auonaye hivyo huvaa nguo ya heshima apitapo kijijini, huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, hukaa kimya pasipo kuwaamuru wengine wanyamaze, na huwa sehemu ya utulivu alioutafuta. Yule auonaye kama bidhaa aliyoilipia atakuwa ndiye kelele ya pekee katika ufuo wote.

Hukumu basi si ngumu kutolewa. Kuchagua kisiwa katika masika kwa sababu ni rahisi na kimetulia ni tendo la halali, na kwa mwenye kipato kidogo ni busara. Bei ndogo haina aibu. Masika ni mizani, na kila mgeni huwekwa juu yake apende asipende: upande mmoja fedha alizobakiza, upande wa pili vile alivyokubali kuvichukua mwenyewe, yaani mvua, kungoja, kuuliza, kumlipa mnyonge sawasawa, na kumtii baharia. Pande hizo zikilingana, amenunua. Zisipolingana, kilichopungua kimetolewa na mtu mwingine, naye hakuulizwa. Mwenye uwezo mkubwa ana wajibu mkubwa zaidi katika mizani hii, kwa kuwa alikuwa na njia nyingine na akaiacha. Mwenye uwezo mdogo husamehewa mengi, ila hasamehewi kumdhulumu aliye chini yake. Mvua haina upendeleo, nayo huwanyeshea wenyeji na wageni sawasawa. Kuhusu bei, ni juu ya watu wenyewe kuamua imwangukie nani.